Tarehe ya Dakika za Mchezo, Ikitazamwa kutoka Kigera

Katika vyuo vya Marekani na Kanada, ambako vijana hucheza mpira wa magongo juu ya barafu wakiwa wamevaa viatu vyenye vyuma chini ya nyayo, kuna mjadala usiozeeka kuhusu muda wa mchezo: kama dakika 60 ni kadiri ya haki au zimezidi, kama zigawanywe kwa namna nyingine, na, timu mbili zikitoka sare, ziongezewe muda gani kabla ya mwamuzi kuzirejesha nyumbani. Msomaji aliyeko Kigera, kata ya Musoma iliyo kando ya Ziwa Viktoria, ambako barafu inayojulikana ni ile ya kuhifadhia sangara, anaweza kudhani kuwa shauri hilo ni la watu wa mbali, na kwamba yeye hana neno la kulitia. Rai yangu ni kinyume cha hivyo. Hapana mchezo uliozaliwa na urefu wake. Kila mmoja ulipewa, na kila uliporefushwa au kufupishwa palikuwa na mtu aliyenufaika na mwingine aliyepunjwa. Na tarehe ya mapatano hayo imepita katika viwanja vya Mara kama ilivyopita katika viwanja vya London na Montreal, ila tu huku kwetu haikuandikwa sana.

Mwamuzi wa kwanza wa muda katika ufuko huu ni jua. Musoma iko kiasi cha nyuzi moja na nusu kusini mwa ikweta, na kwa sababu hiyo mchana wake haurefuki wala haufupiki kwa kadiri ya kutajika mwaka mzima. Lakini iko mbali sana magharibi mwa mstari ambao kwa huo saa ya Afrika Mashariki imepimwa, hata jua la Musoma huzama dakika zipatazo 20 baada ya lile la Unguja, ilhali saa za ukutani za miji yote miwili husema neno moja. Mapema mwezi wa Novemba jua huingia ziwani kama saa kumi na mbili na nusu za jioni. Katikati ya Februari hukawia hadi saa moja hivi. Na baada ya hapo utusiutusi wa nchi za ikweta ni mfupi mno, hautoi nafasi ya kumaliza jambo lililochelewa kuanzwa. Mtu na apige hesabu. Mpira wa miguu wa dakika 90, pamoja na mapumziko ya dakika 15, wahitaji saa moja na dakika 45 bila ya kuhesabu mpira ulioangukia shambani kwa watu. Timu ya wageni ikichelewa barabarani, mchezo ukaanza saa kumi na moja na robo, mwisho wake utakuwa saa moja kamili. Na katika Novemba hiyo ni nusu saa kamili baada ya jua kuzama, wakati ambapo mlinda mlango husikia mpira kabla ya kuuona.

Wala saa yenyewe haikuwa na kauli moja siku zote. Kwa kipindi fulani cha ukoloni saa rasmi ya Afrika Mashariki ilitangulia ile ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 45, na robo iliyobaki iliongezwa baadaye. Kwa hiyo mchezo uliotangazwa kuanza saa kumi alasiri katika kipindi hicho ulikuwa na robo saa pungufu ya mwanga kuliko mchezo wa saa kumi wa leo, juu ya uwanja ule ule na chini ya jua lile lile. Serikali iliyoisogeza mishale ya saa haikuwa ikiwaza mpira hata kidogo, lakini iliwapa wachezaji wa ufuko huu dakika 15 za mwanga ambazo hapana chama cha michezo kilichopata kuwapa.

Mwezi nao una sehemu yake. Dagaa wa Ziwa Viktoria huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na sasa aghalabu taa za umeme wa jua, na taa haina nguvu mbele ya mwezi mpevu. Ndiyo maana katika usiku wa mbalamwezi mitumbwi huvutwa ufukweni, nyavu hushonwa, na vijana ambao katika usiku wa giza walikuwa majini hadi alfajiri hubaki nchi kavu wakiwa na jioni zao mikononi. Anayetaka kupanga mashindano katika kijiji cha wavuvi bila ya kutazama mwandamo wa mwezi atapata uwanja mzuri, mpira mpya na filimbi, lakini hatapata wachezaji kumi na mmoja.

Kabla ya filimbi kufika, michezo ya nchi hii ilikuwa na mwisho wa namna nyingine. Waluo, ambao baadhi yao wanakaa Rorya, upande wa kaskazini wa mkoa huu huu wa Mara, walikuwa na mchezo wa magongo waliouita adhula, ambao vijana waliucheza kwa fimbo zilizopinda. Na mtu wa Rorya akiambiwa kwamba mchezo wa magongo ni ugeni ulioletwa na Waingereza, ana haki ya kucheka. Ndugu yake wa mbali ni ganna ya Wahabeshi, inayochezwa katika majira ya Krismasi yao, vijiji vikishindana uwandani hadi giza au uchovu uamue. Wasichana wa shule za Tanzania wana rede, ambayo wawili hurushiana mpira na aliye katikati huukwepa huku, kwa namna moja ya kuucheza, akijaza mchanga katika chupa. Chupa ikijaa ameshinda, akipigwa na mpira ametoka. Nimeona vitabu vingi vinavyoeleza saa ya mchanga ya Wazungu kama hekima ya kale, wala sijaona hata kimoja kinachomtaja msichana wa darasa la nne aliyeifanya saa hiyo ijazwe na mchezaji mwenyewe. Na bao, mchezo alioupenda Mwalimu Nyerere wa Butiama, haujui dakika kabisa: huisha kete zinapokwisha, na anayetafakari mno husutwa na watazamaji, jambo ambalo lina nguvu kuliko kengele.

Katika michezo hii yote mwisho ulikuwa ndani ya mchezo wenyewe. Hata chandimu ya watoto wa mitaani, ambayo ni mpira wa miguu halisi, imeshika kaida hiyo ya zamani: wa kwanza kufunga mabao matano ameshinda, au mchezo huisha mama mwenye mtoto mwenye mpira anapoita. Wageni walileta fikra iliyo tofauti, kwamba mchezo ni kiasi cha muda kilichokatwa mapema, kikajazwa lolote litakalotokea ndani yake, na kwamba kinapokwisha kimekwisha, hata kama mshambuliaji amebaki peke yake na mlinda mlango.

Fikra hiyo haikuwa kongwe hata kwao. Zamani katika Uingereza kila mji ulicheza kwa muda ulioutaka, na dakika 90 zinatajwa katika mchezo wa mwaka 1866 baina ya London na Sheffield, uliochezwa London kuanzia saa tisa hadi saa kumi na nusu za alasiri kwa mapatano ya pande mbili. Ikapita miaka 31 kabla ya kiasi hicho kuingizwa katika sheria za mpira, mwaka 1897. Hapana tabibu aliyesema kuwa moyo wa binadamu wapenda dakika 90, wala mnajimu. Ni mapatano ya alasiri moja ya machipuko ambayo yamekuwa sheria ya ulimwengu, na katika miaka ile ile ya mwisho wa karne ya 19 wamisionari walikwisha kuufundisha mpira huo kwa wanafunzi wao wa Kiungani, Unguja, ambao waliuchukua pamoja na Kiingereza na Biblia walikopelekwa kufundisha.

Bara, mpira wa saa uliingia kwa mlango wa shule. Mwisenge, shule ya Musoma aliyoingia Nyerere mwaka 1934, na shule nyinginezo za serikali na za misheni, ziliishi kwa kengele: kengele ya kuamka, ya darasa, ya shamba, na kisha ya michezo, na mtoto ambaye nyumbani mchana wake ulipimwa kwa kuswaga na kurejesha ng'ombe alikuta kwamba hata furaha ina mwanzo na mwisho uliowekwa na mtu mwingine. Silaumu. Kengele hiyo hiyo ndiyo iliyowawezesha vijana wa makabila yasiyojuana kukutana kwa wakati mmoja na kushindana kwa sheria moja, na bila ya hiyo mashindano ya nchi na nchi yasingewezekana. Kombe la Gossage, lililotolewa na kampuni ya sabuni ya jina hilo, lilianzishwa mwaka 1926 baina ya Kenya na Uganda, na Tanganyika ikajiunga mwaka 1945, Zanzibar mwaka 1949. Shindano la kwanza liliisha kwa sare ya bao moja kwa moja, na dawa ya sare katika zama hizo haikuwa kuongeza muda usiku kucha wala kupiga penalti, bali kurudia mchezo wote. Ukarudiwa, Kenya ikashinda mabao mawili kwa moja. Watu wa siku zile hawakuona ajabu kumpa mchezaji dakika nyingine 90 kwa sababu ya bao moja, maana wageni wakishasafiri, wamekwisha kusafiri, na pesa za kiingilio cha pili hazikataliwi.

Sasa nimefika mahali ninapotaka kukaa kidogo, maana hapa sheria ya ulimwengu na ufuko wa Kigera vimekutana bila ya kujuana. Kwa miaka mingi sheria ya saba ya mpira wa miguu, ambayo ndiyo ya muda, ilikuwa na maneno ya kuruhusu timu mbili na mwamuzi kupatana kuupunguza mchezo, na mfano uliotolewa katika kitabu chenyewe ulikuwa huu: kila kipindi kifanywe dakika 40 kwa sababu ya upungufu wa mwanga. Sharti lilikuwa moja: mapatano yafanywe kabla ya mpira kuanza, nayo yaafikiane na kanuni za mashindano. Walioandika hivyo huenda walikuwa wakiwaza ukungu na alasiri fupi za Desemba za kwao, lakini walikuwa wameandika kwa ajili ya kila uwanja wa mkoani usio na taa, ambao timu yake ya pili imeharibikiwa na gari njiani.

Ajabu ni kwamba ruhusa hiyo, iliyokuwa haki ya wazi, haikutumiwa kwa uwazi. Aliyekulia katika mpira wa shule na wa vijiji katika nchi hizi anajua lililo ada: mchezo huanza kwa kuchelewa, hakuna anayesema neno kuhusu muda, kisha mwamuzi, aonapo jua limeugusa upeo wa maji, huangalia saa yake kwa uso wa mtu mwenye siri, na kupuliza filimbi. Timu inayoongoza humpongeza kwa kujua sheria. Iliyo nyuma hudai kwamba zilibaki dakika nane. Na kwa kuwa hapana lililosemwa kabla, zote mbili zina haki na hapana yenye haki. Ugomvi mwingi ambao huhesabiwa kuwa ni wa bao la mkono au wa kuotea kwa kweli ni ugomvi wa dakika. Dawa yake ilikuwa imechapishwa kitabuni zamani, nayo si dawa ya kupunguza wala ya kuongeza, ila ya kusema mapema.

Mpira wa magongo wa nchi kavu, ambao ni ndugu wa karibu zaidi wa ule wa barafuni, una tarehe yenye heshima kubwa katika Afrika Mashariki kuliko wanavyokumbuka vijana wa leo. Kwa sura yake ya kisasa uliletwa na Waingereza, ukakuzwa na jamii za Wahindi na Wagoa wa mijini, na Kenya ikacheza katika Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, ikawa ya sita Tokyo mwaka 1964. Avtar Singh Sohal, nahodha wake, alicheza Olimpiki nne kutoka 1960 hadi 1972. Katika Kombe la Dunia la kwanza, lililofanyika Barcelona mwaka 1971, Kenya ilifika nusu fainali, na nafasi ya tatu iliikosa kwa kufungwa na India mabao mawili kwa moja katika muda wa nyongeza, yaani baada ya dakika 70 za haki kupita bila ya mshindi. Lau sheria ya leo, iliyofuta muda wa nyongeza mwaka 2013 na kwenda moja kwa moja kwenye mikwaju, ingalikuwapo siku ile, nani ajuaye.

Upande wetu wa Tanzania, tarehe hiyo ni fupi na ina uchungu. Mwaka 1980, nchi nyingi ziliposusia Olimpiki ya Moscow, Tanzania iliitika mwaliko wa kujaza nafasi katika mpira wa magongo wa wanaume, ikakutana na India, iliyotwaa medali ya dhahabu mwaka ule, ikafungwa mabao 18 kwa sifuri. Vipindi vilikuwa viwili vya dakika 35. Ni bao moja katika kila dakika nne, na yeyote anayeamini kwamba dakika zote zina urefu mmoja na amuulize mlinda mlango aliyesimama pale dakika 70. Nadhani si aibu: timu ile ilikwenda ilikoitwa, ikacheza mpaka filimbi ya mwisho, na hapana mchezo ambao haikuumaliza.

Dakika hizo 70 hazipo tena. Shirikisho la dunia la mchezo huo lilitangaza mwaka 2014 kwamba mashindano yake yatachezwa kwa robo nne za dakika 15, jumla dakika 60, na saa isimame kwa sekunde 40 kila kona ya adhabu inapotolewa. Olimpiki ya Rio mwaka 2016 ikawa ya kwanza kuchezwa hivyo. Sababu zilizotolewa zilikuwa ni mchezo kuwa wa kasi zaidi, na mtazamaji kupata nafasi ya kuonyeshwa marudio na maelezo. Sababu ya pili ndiyo iliyobeba ya kwanza. Mapumziko matatu badala ya moja ni milango mitatu ya matangazo ya biashara badala ya mmoja, na hili halikufichwa, maana shirikisho lenyewe lilitaja televisheni bila ya haya. Mpira wa kikapu ulikuwa umekwisha kutangulia katika njia hiyo, ulipoacha vipindi viwili vya dakika 20 mwaka 2000 na kushika robo nne za dakika 10. Nasi tusijione mbali na jambo hili: tangu televisheni iliponunua haki za Ligi Kuu yetu, na hasa baada ya mkataba wa miaka kumi wa mwaka 2021, saa ya kuanza mchezo imekuwa jambo la kupangwa na mwenye kamera, na kiwanja kisicho na taa kimekuwa na thamani ndogo kuliko kilicho nazo, hata kama nyasi zake ni bora.

Turejee barafuni. Mpira wa magongo wa barafuni nao ulikuwa na vipindi viwili, kila kimoja dakika 30, mpaka chama kikuu cha kulipwa cha Kanada kilipovifanya vitatu vya dakika 20 mwaka 1910. Na sababu mojawapo ni dhahiri kwa anayejua kazi ya vyuma vya viatu, kwamba barafu hukwanguka na kuchakaa, na lazima itengenezwe mara kwa mara. Hivyo kile ambacho Kigera ni jua, kule ni sakafu. Jumla ilibaki dakika 60, lakini ni dakika za namna nyingine: saa husimama kila filimbi inapolia, na mtazamaji aliyeingia saa moja jioni hutoka baada ya saa mbili na zaidi. Mpira wa miguu huhesabu dakika 90 ambazo ndani yake mpira umekufa mara nyingi. Hoki ya barafuni huhesabu zilizo hai tu. Mwaka 2017 watunzi wa sheria za mpira wa miguu walileta, kwa ajili ya mazungumzo tu, rai ya kuiga hesabu hiyo, vipindi viwili vya dakika 30 na saa ya kusimamishwa. Rai haikupita, lakini katika Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022 waamuzi waliamriwa kufidia kila muda uliopotea, na kipindi cha kwanza cha mchezo wa Uingereza na Irani kiliongezwa dakika 14. Kwa njia ya mlango wa nyuma, rai ilikuwa imeingia nusu yake.

Ama ikhtilafu ya vyuo ina jambo la ziada, nalo ni kwamba mchezaji ni mwanafunzi. Katika ligi ya kulipwa, Detroit na Montreal Maroons zilipocheza tarehe 24 Machi 1936 mpaka nyongeza ya sita, bao la pekee likapatikana baada ya dakika 176 na nusu, wachezaji walikuwa watu wazima kazini mwao. Lakini mwezi Machi 2015 vijana wa chuo cha Massachusetts na wa Notre Dame walicheza nyongeza tano, zaidi ya dakika 151 kwa jumla, nao walikuwa na darasa la kurejea. Wenye kutaka kufupisha hutaja afya, masomo na ratiba. Wenye kukataa hutaja kumbukumbu za tangu enzi, haki ya aliyelipa kiingilio, na hofu kwamba mchezo mfupi humnyima nafasi mchezaji wa akiba. Mwaka 2020 vyuo viliafikiana, kwa michezo ya kawaida ya msimu, kuwa nyongeza iwe dakika tano tu, tena kwa wachezaji watatu kwa watatu, ili barafu iwe wazi na bao lipatikane upesi. Wazee walilalamika kwamba huo si mchezo ule ule. Kweli si ule ule. Lakini wala ule wa 1910 haukuwa ule wa 1909.

Kwamba vyuo hushika muda wao wenyewe si neno geni kwa Mtanzania. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alicheza kikapu katika chuo cha Connecticut kuanzia mwaka 2006 kwa vipindi viwili vya dakika 20, ilhali nchini kwake sheria ya kimataifa ilikwisha kuwa robo nne za dakika 10. Mwaka 2009, alipochaguliwa wa pili katika orodha ya ligi ya NBA, akakuta robo nne za dakika 12. Mtu mmoja, kikapu kimoja cha urefu ule ule kutoka ardhini, na urefu wa mchezo wa namna tatu. Na hoki ya barafuni yenyewe imekwisha kukubali mapatano karibu nasi: Nairobi, ambako hoteli ya Panari ilifungua uwanja wa barafu mwaka 2005, vijana wa Ice Lions wamecheza hoki ya barafuni katika uwanja ulio mdogo kuliko kipimo cha kimataifa, kwa wachezaji wachache kila upande. Mwaka 2024 shirikisho la dunia la hoki ya barafuni likaipokea Kenya kuwa mwanachama.

Kabla sijafikia neno langu la mwisho, kuna dhuluma moja ndogo ambayo haifai kupitwa kimya. Wanawake walipopewa Kombe la Dunia la kwanza la mpira wa miguu, China, mwaka 1991, walichezeshwa dakika 80. Hapana aliyeweza kueleza kwa hoja zilizo na miguu dakika 10 zilizokatwa zilikuwa zinawalinda na nini. Na kombe lililofuata, mwaka 1995, likachezwa dakika 90 bila ya mtu kudhurika. Nimelileta hapa kwa sababu katika mabonanza yetu, muda unapokuwa mfinyu, mchezo wa kwanza kupunguzwa aghalabu ni ule wa wasichana, na netiboli, yenye robo nne za dakika 15 kwa sheria, hugeuka kuwa vipande vya dakika chache vinavyochezwa wakati wavulana wanavaa viatu.

Hukumu yangu basi ni hii. Kufupisha mchezo si kosa, na kuurefusha si uadilifu. Sheria za mpira wenyewe zinaruhusu vyama vya nchi kubadili muda kwa ajili ya vijana na watoto, na mashindano ya shule, ambayo timu hucheza mara nyingi katika siku chache, kama yale ya UMITASHUMTA yaliyokusanya watoto wa mikoa yote katika Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, hayawezi kupangwa kwa dakika 90 bila ya kuwaumiza. Kosa ni kuamua kiasi hicho kimya kimya, uwanjani, jua likizama, na kwa faida ya anayeongoza. Walimu wa michezo wa Kigera na wa shule zote za Musoma, wakufunzi wa vyuo vya ualimu vya Bunda na Tarime, na makatibu wa vyama vya mkoa: andikeni muda katika kanuni kabla ya mchezo wa kwanza, mtaje na sababu yake, wekeni saa ambayo baada yake vipindi vitakuwa vya dakika 40 au 30, na isomwe mbele ya manahodha wawili kabla ya sarafu kurushwa, wavulana na wasichana wapunguziwe sawasawa, na mwenye kushauriwa wa kwanza awe yule atakayekimbia dakika hizo.